Ree, Mfalme na Dola Moja na Nusu

Katika meza za mtandaoni za Texas Hold'em, aina ya poka ambamo kila mchezaji hushika karata mbili zake na nyingine hufunuliwa mezani, ambako dau la lazima ni senti 1 na senti 2 za dola, ree na mfalme huchukuliwa kuwa karata ambazo mtu hazitupi kabla ya karata za mezani kufunuliwa. Mimi wakati mwingine nazitupa, na ningependa kueleza hesabu inayonifanya nizitupe.

Juzi nilishika ree ya shupaza na mfalme wa kopa, na mimi na mpinzani wangu kila mmoja alikuwa na dola 2. Nilifungua kwa senti 6, akapandisha hadi senti 20, nikapandisha hadi senti 50, naye akasukuma zote alizokuwa nazo, wachezaji wengine wakiwa wamekwisha kujitoa. Mezani, pamoja na senti 3 za dau la lazima, palikuwa na dola 2.53, nami nilidaiwa 1.50. Ukigawa 1.50 kwa 4.03, yaani jumla itakayokuwapo nikiitikia kwa kulipa ninachodaiwa, unaona kwamba ni lazima nishinde zaidi kidogo ya asilimia 37 ili nisipate hasara. Zile senti 50 za mwanzo si zangu tena, wala hazinipi sababu ya kuongeza nyingine.

Swali lililobaki ni karata gani anaweza kuwa nazo. Tuseme hasukumi ila akiwa na ree mbili, wafalme wawili, malkia wawili, au ree na mfalme kama mimi. Kwa kuwa nimeshika ree moja, zimebaki 3, na kutokana na hizo jozi zinazowezekana ni 3 tu badala ya 6. Wafalme vivyo hivyo. Malkia hawajaguswa, kwa hiyo jozi zao ni 6, na ree na mfalme huunganika kwa njia 9. Mbele ya ree mbili nashinda takriban asilimia 7, mbele ya wafalme 30, mbele ya malkia 43, na mbele ya karata kama zangu tunagawana nusu kwa nusu. Wastani wa njia zote 21 ni asilimia 39 hivi, na hapo mtu huona kuitikia ni halali.

Lakini kuna makato ya tovuti, ambayo katika meza ndogo hufikia karibu asilimia 5 ya fedha zote zilizochezwa. Hizo 4.03 zinakuwa 3.83, na kiwango ninachohitaji kinapanda hadi asilimia 39.2. Faida yote imekwisha kuliwa! Nashangaa jinsi jambo hili linavyosahaulika, ilhali ni katika viwango hivi vidogo ndimo linapouma zaidi.

Mpinzani akiwa mtu anayesukuma hata kwa ree na malkia, mambo yanageuka kabisa, kwa sababu naongezewa njia 12 ambazo nazishinda kwa takriban asilimia 74, na wastani wangu unapita 50. Huyo namwitikia bila kusita. Huyu wa juzi hakuwa wa namna hiyo. Nilikuwa nimemwona akiwa na malkia wawili, akafuata tu dau kubwa bila kulipandisha, na nilikuwa nimeliandika hilo pembeni ya jina lake. Nilipowaondoa malkia katika hesabu nilibaki na asilimia 37.4, chini ya kiwango, nikazitupa.