Niulize kwanza kabla hujaninyanyua

Jana asubuhi nimesimama Sanawari, hapa Arusha, dakika 40 nasubiri hiace ya kwenda Kilombero, zimepita tano na nafasi zilikuwepo maana konda alikua anaita kabisa, ila akishaona magongo ninayotembelea anagonga bati "twende twende" suka anakanyaga mafuta. Najua wanawahi hesabu ya bosi. Mimi kupanda nachukua dakika moja na nusu hivi. Dakika moja na nusu jamani!

Ya sita ikasimama. Konda kijana mdogo akaruka chini, hajaniuliza kitu, akaniingiza mikono kwapani akaninyanyua mpaka ndani, gauni limepanda huko, gongo moja limebaki kwenye lami. Mama mmoja akamwambia ubarikiwe mwanangu. Mimi nimekaa pale natetemeka. Na najua kabisa hakua na nia mbaya, lakini nina miaka 34, nina watoto wawili, na mama wa watu hanyanyuliwi barabarani bila kuulizwa.

Nikwambie ninavyopanda: gongo la kulia nampa konda, nashika siti ya mlangoni, natanguliza mguu wa kushoto ndo wenye nguvu, navuta huu mwingine, nageuka nakaa. Basi. Ninachoomba suka asogee pembeni kabisa mwa barabara na asimame kweli, maana gari ikisogea kidogo tu nikiwa na mguu mmoja juu nimeanguka, na nishaanguka hivyo Mbauda kipindi cha masika, tope mpaka kwenye mtandio.

Watu wananiambia si upande bajaji. Ya kukodi, kwenda na kurudi, kila siku? Hela ya mboga itoke wapi.

Mwaka 2019 nilienda Dar kwa dada, nikapanda mwendokasi Kimara, kile kituo kimeinuliwa yani sakafu ya basi inakaribiana na pale uliposimama, nikaingia na magongo yangu yote mawili hakuna aliyenigusa. Nilikaa machozi yakanitoka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo toka 2010 ila huku kwetu bado napandia ngazi ya hiace iliyo juu karibu na goti.

Kuna konda mmoja wa njia ya Usa River, yeye akiniona anagonga bati gari isimame, anashuka, anauliza "dada, nishike lipi?" Halafu anasubiri. Abiria wakianza kulalamika anawaambia "dada anapanda."