Nilivyowaokoa vifaranga vya perege bila kumuua mdiria

"Mpige manati." Hilo ndilo jibu nililopewa kijijini kwetu, juu kidogo ya Tukuyu, mkoani Mbeya, kila nilipolalamika kwamba mdiria, yule ndege mdogo anayevua samaki, anamaliza vifaranga vyangu vya perege. Mzee mmoja akanishauri nizibe tundu lake kwa udongo. Niliudhika, maana mle ndani mlikuwa na makinda.

Nilijua kwa kumtazama. Akishakamata samaki humpigapiga kijitini mpaka alegee. Wa kula mwenyewe humgeuza kichwa kielekee kooni. Akiruka naye kichwa kikiwa nje, huyo ni wa kumlisha mwenzake au watoto. Nikamsindikiza kwa macho hadi ukingo wa mfereji: tundu, mavi meupe yamechirizika, shombo kali.

Kosa langu lilikuwa wavu. Niliokota wa bei chee mnadani, kama elfu kumi hivi, matundu makubwa, nikautandaza juu ya kibwawa cha vifaranga ukiwa umelegea. Asubuhi ya pili nikamkuta amenasa bawa. Nilikata uzi mmoja mmoja kwa wembe, mikono inatetemeka. Mwili wote hauzidi gramu 20! Mgongo wa buluu inayowaka, tumbo la rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na kile kishungi chenye mistari ya samawati na myeusi kikisimama na kulala kiganjani mwangu. Nilipofungua mkono alikwenda zake chini kabisa, karibu aguse maji. Nikaung'oa wavu wote palepale.

Nunua wavu wenye matundu ambayo hata kidole cha mwisho hakipiti, uuwambe kama ngozi ya ngoma. Kisha nikafyeka matete yote yaliyoinamia kibwawa, kwa kuwa mdiria huyu huvulia chini chini na hurudia kituo kilekile. Kituo kipya nikamwekea mwenyewe: kijiti cha mwanzi mferejini, penye viluwiluwi na watoto wa kereng'ende waishio majini. Siku mbili hakukigusa. Ya tatu nikakuta doa jeupe juu yake, nikapiga vigelegele peke yangu.

Baadaye walikuja wawili wenye midomo myeusi, watoto hao, wakakaa matete ya ng'ambo. Kwenye bwawa kubwa nawaacha wavue watakavyo. Perege huzaana mno, wakijazana wanadumaa, na vile vidogo vya ziada ndivyo vinavyotosha midomo yao.