Spitfire Mk I ya mwaka 1940: kazi yote iko kwenye shina la bawa

Ukiitazama Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, kutoka mbele, bawa limeungana na kiwiliwili kwa mkunjo mpole usio na pembe. Mkunjo huo ndio sura ya ndege hii iliyobuniwa na R. J. Mitchell, iliyoruka mara ya kwanza Machi 1936, na ndipo modeli nyingi za plastiki za kuunganisha huharibikia. Kwa kipimo cha 1/72, mabawa ya mita 11.23 yanakuwa milimita 156 tu. Ufa wa nusu milimita hapo ni sawa na ufa wa sentimita 3.6 kwenye ndege yenyewe.

Kabla ya kukata chochote, osha fremu za plastiki zinazobeba vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana mafuta ya kalibu yakibaki rangi haishiki. Kata kila kipande ukiacha kijiti cha milimita 2, kisha kata tena na umalizie kwa msasa namba 400. Chumba cha rubani kipake kijivu-kijani kabla ya kufunga kiwiliwili. Usikeshe hapo, kioo kikifungwa huonekana kidogo mno.

Sasa shina la bawa. Weka mabawa bila gundi kwanza. Ufa ukionekana juu, vuta utepe wa karatasi kutoka ncha moja ya bawa hadi nyingine, ukipitia juu ya kiwiliwili: mabawa yatapanda na ufa utajifunga. Pima kimo cha kila ncha kutoka mezani, vilingane. Ndipo uguse mshono kwa brashi yenye gundi nyepesi, nayo itajipenyeza yenyewe. Iguse mbali na utepe na vidole, kwa sababu ikiingia chini yake itayeyusha uso wa plastiki na alama haitatoka. Acha saa 24. Ukipiga msasa mapema, plastiki iliyolainika itaendelea kusinyaa, na wiki moja baadaye utaona mfereji chini ya rangi. Ufa mdogo uliosalia uzibe kwa puti ya maji, uifute kwa pamba yenye unyevu kabla haijakauka. Msasa pale hufuta mistari ya mabati, na kuichonga upya kwenye mkunjo ni kazi ngumu mno. Praima ya kijivu itakuonyesha kasoro zilizobaki.

Chini ya ndege, kuanzia Juni 1940, ni rangi iitwayo Sky. Ni kijani hafifu chenye umanjano, wala si buluu ya mbinguni kama jina linavyodanganya. Anza nayo, kisha rangi za juu: Dark Earth (kahawia), mwisho Dark Green (kijani iliyokolea). Changanya rangi na tina hadi iwe nyepesi kama maziwa, upulizie kwa brashi ya hewa kutoka umbali wa sentimita 10 hivi, tabaka nyembamba tatu. Ukikuta uso una chengachenga kama msasa, rangi imekauka hewani: sogea karibu au punguza presha. Kwenye ukingo wa utepe wa kuzuia rangi, pulizia kutoka kwenye utepe kwenda kwenye plastiki, la sivyo rangi hujikusanya na kuacha tuta.

Stika za maji zinataka vanishi ya kung'aa chini yake. Juu ya uso mkavu wenye vinyweleo hewa hunaswa, na stika huonekana ina rangi ya fedha. Usisahau viraka vyekundu vya kitambaa mbele ya bunduki nane, nne kila bawa. Ndege ya kiangazi cha 1940 haina mkanda wa Sky karibu na mkia. Huo ulikuja mwishoni mwa mwaka. Na kama sanduku pana la rejeta liko bawa la kulia pekee, huku kushoto kukiwa na bomba jembamba la kupozea oili, kiwanda hakijakosea. Ndivyo Mk I, toleo la kwanza la Spitfire, ilivyokuwa.

Ncha za propela ni njano, milimita 1.4. Kioo cha rubani kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, kwa kuwa mvuke wa supagluu hukitia ukungu. Utepe unaokikinga na rangi ubandue mwisho kabisa, vanishi isiyong'aa ikishakauka.