Siku moja na inzi weupe wa mihogo

Saa 12 asubuhi nipo kitaluni, Kibaha. Inzi weupe hukamatwa mapema, wakiwa bado wamezubaa na baridi. Nageuza jani changa la muhogo polepole, nasogeza ncha ya mrija, navuta pumzi. Kitambaa chepesi ndani ya mrija kinawazuia wasinifike kooni. Mzee wa kitalu hachoki kunicheka: "Mwanangu, hao ndio waliotuletea ugonjwa wa batobato kwenye mihogo, na wewe unawabeba kama vifaranga!"

Saa 2, maabara, ambako tunatafuta protini ya kuwaua inzi weupe. Protini ukiipuliza juu ya jani haimfikii mdudu huyu, maana anachoma mdomo hadi kwenye mishipa ya utomvu. Hata protini za bakteria Bt zinazoua funza wa pamba hazimtishi. Ndiyo maana tunatafuta nyingine, ambayo mmea wenyewe utaitengeneza. Mwaka 2016 wanasayansi wa India walitangaza Tma12, protini ya mmea usiotoa maua uitwao Tectaria macrodonta. Pamba waliyoipandikizia jeni la protini hiyo ilistahimili inzi weupe.

Kazi yangu ni kuwalisha. Sukari ya asilimia 20 nachanganya na protini, nachuja isiote ukungu, kisha naibana kati ya karatasi mbili za Parafilm, utando mwembamba unaovutika. Ukiivuta sana inapasuka. Usipoivuta vya kutosha, mdomo haupenyi. Juu naweka karatasi ya njano, rangi wanayoikimbilia.

Saa 5 vizimba viko tayari: vya protini, vya sukari tupu, na vya sukari yenye albumini ya ng'ombe, protini ya kawaida isiyo sumu. Hivi vya mwisho wageni huviona upuuzi. Mimi bila hivyo siamini chochote, kwani huenda protini yoyote ile ingewaua.

Saa 7, wali maharage.

Saa 9 nahesabu kundi la jana. Namgusa kila mmoja kwa brashi. Asiyetikisa hata mguu ndiye maiti. Halafu naangalia kwa hadubini kioo kilicho chini ya kizimba. Matone ya kinyesi chao kitamu yakiwepo, wamekula. Yasipokuwepo, huenda wamekufa kwa njaa kwa sababu wameisusia protini. Mkulima atafurahi vilevile, lakini hiyo siwezi kuiandika kuwa sumu.

Saa 11, kanuni ya Abbott ya 1925, inayoondoa vifo ambavyo vingetokea hata bila protini. Wakifa 55 kati ya 100 kwenye protini na 10 kwenye sukari tupu, unaandika asilimia 50, si 55. Vifo vya sukari tupu vikizidi asilimia 20, tunatupa kundi zima.

Kundi nililohesabu leo halikutupwa. Sasa naenda kuoga. Sukari imenasa hadi kwenye nywele.