Nilivyoidharau Margherita

Mimi ni mzaliwa wa Moshi, na mtu wa Moshi huwa na kiburi cha mlima hata kama hajawahi kuupanda. Mimi nilikwisha kuupanda kwa njia ya Marangu, nikafika Uhuru kwenye mita 5,895. Kwa hiyo rafiki yangu wa Kasese, Uganda, aliponialika tukapande Margherita, kilele kirefu kuliko vyote vya milima ya Rwenzori, jambo la kwanza nililolifanya ni kutafuta kimo chake. Nilikuta ni mita 5,109, nikapiga hesabu ya kutoa, nikacheka.

Pale Nyakalengija, mahali njia inapoanzia, kiongozi wetu, mzee wa Kikonzo ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yangu, alivitazama viatu vya ngozi nilivyovinunua Arusha kwa bei ambayo nyumbani sikuisema. Kiswahili chake kilikuwa kile cha upande wa Kongo. Akaniuliza kwa upole, "Dada, gambuti yako iko wapi?" Nikamjibu kwamba sikuja kulima. Hakubishana nami, alimtuma kijana akaleta jozi ya kukodi iliyonizidi saizi moja hivi, akaifunga juu ya mzigo wa mpagazi, tukaondoka.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba milima yote imejengwa kama Kilimanjaro. Kibo, kilele chake kikuu, ni volkano, na ukishaanza kuipanda, kwa sehemu kubwa unaendelea kupanda tu mpaka juu. Rwenzori ni bonge la mwamba wa kale sana lililosukumwa juu kando ya Bonde la Ufa la magharibi, likachongwa na barafu na mito hadi likawa milima mikubwa sita iliyotenganishwa na mabonde: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Margherita iko kwenye Stanley, ndani kabisa, na huwezi kuifikia bila kupita mabonde hayo, ambayo hunyeshewa mvua karibu mwaka mzima. Ukiiuliza ramani kimo, inakujibu mita; habari za tope haikuambii.

Siku ya kwanza, ya kupanda msituni hadi kibanda cha Nyabitaba, kwenye mita 2,651, viatu vyangu vilinitii. Siku ya pili tuliteremka hadi daraja lililo karibu na mahali mito ya Bujuku na Mubuku inapokutana, kisha tukatumia saa nyingi tukikanyaga mawe yaliyovikwa kuvumwani kiasi kwamba hujui penye jiwe na penye shimo. Tulipofika kibanda cha John Matte, viatu vilikuwa vimejaa maji, na hadi asubuhi vilikuwa bado vinachuruzika. Nilizichukua gambuti bila kumtazama mzee usoni.

Siku ya tatu ndiyo ninayoikumbuka kuliko siku ya kileleni. Kinamasi cha Bigo, kwa mbali, kinafanana na uwanja mzuri wa majani wenye milobelia mirefu kuliko mtu, na pembeni miti mikubwa ya jamii ya erika iliyoning'iniza ndevu za kijivu. Ukikaribia, unaona kwamba majani yale yameota kwa mafungu yaliyosimama kama vigoda, na kati ya kigoda na kigoda kuna tope jeusi. Sehemu nyingine zimewekewa njia ya mbao; pasipo na mbao unaruka kigoda kwa kigoda. Nilikosea kigoda kimoja, mguu wa kulia ukazama hadi juu ya goti, na nilipouvuta kwa nguvu ulitoka ukiwa na soksi tu. Gambuti ilibaki chini.

Mzee alilala kifudifudi juu ya majani, akaingiza mkono hadi begani, akaanza kuitikisa polepole, kushoto na kulia, huku akiniambia, "Usivute. Acha upepo iingie kwanza." Baada ya dakika kadhaa tope likatoa mlio wa kunywa supu, gambuti ikaja juu, akamwaga maji yake, akanivalisha kama mtoto wa chekechea.

Kutoka kibanda cha Bujuku, kwenye mita 3,962, tulipanda hadi Elena, kwenye mita 4,541, kwenye mwamba mtupu na baridi kali, nikapata kichwa cha kuuma na hamu ya chakula ikaniisha. Tuliamshwa saa nane za usiku. Tulifunga meno ya chuma chini ya viatu, maana hapo gambuti hazisaidii, tukaunganishwa kwa kamba moja na kuvuka barafu ya Stanley kwa mwanga wa tochi za kichwani. Kibo sikuwahi kuhitaji kamba.

Mbele kuna miamba inayopandwa kwa ngazi kabla ya kuingia kwenye barafu ya Margherita. Mzee alisema kwamba alipokuwa kijana anabeba mizigo, barafu ilikuwa inaifunika sehemu ile, na watu walikuwa wakipita juu yake. Mwitaliano Luigi Amedeo wa Savoia, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alipofika kileleni mwaka 1906 na kukipa jina la Malkia Margherita, milima yote sita ilikuwa na barafu. Emin na Gessi zimekwisha kuipoteza, na mlima unaobeba jina lake yeye mwenyewe pia hauna kitu. Kwa imani ya Wakonzo mlima una mwenyewe, mungu Kitasamba, anayekaa kwenye theluji, ambayo wao huiita nzururu. Sikuthubutu kumuuliza mzee Kitasamba atahamia wapi.

Kileleni palikuwa na ukungu mzito. Mpaka wa Uganda na Kongo unapita hapo, na mzee, aliyeniambia ana shemeji upande wa pili, alinyosha kidole akasema, "Kongo ile pale." Nikautazama weupe mtupu kwa heshima zote. Hatukukaa hata robo saa.

Safari ya kurudi, kupitia maziwa ya Kitandara na njia ya Freshfield, ni nzuri kuliko ya kwenda, ila magoti yangu hayakuwa na nafasi ya kuifurahia.

Kwa wanaoniuliza: nendeni kati ya Desemba na Februari, au Juni na Agosti, wakati mvua inapopungua, wala msitarajie kwamba itakoma. Chukueni siku saba au nane, msikubali kukimbizwa. Na gambuti zijaribuni kabla ya kuondoka, mkiwa mmevaa soksi mbili; ikiwa mguu unacheza ndani, ombeni jozi nyingine.