Kicheko kilichotangulia

Ijumaa usiku ukumbi mzima ulicheka kabla ya wakati wake, na kosa lilikuwa la kidole changu. Leo Jumanne, bado naliona kila nikifumba macho.

Mnaijua ile kazi yangu ya pili, ya kuendesha maandishi ya tafsiri wasanii wa Kijapani wanapokuja hapa Düsseldorf. Nakaa nyuma kabisa na kompyuta, mswada mapajani umejaa kalamu nyekundu, nabonyeza, na Kijerumani kinatokea kwenye skrini juu ya kichwa cha msanii. Safari hii alikuja msimulizi wa rakugo, usimulizi wa vichekesho wa Kijapani. Mtu mmoja na kimono chake, amekalia visigino juu ya mto, ana upepeo na kitambaa, basi. Hanyanyuki pale mpaka mwisho. Akigeuza uso huku ni mteja, akigeuza kule ni muuzaji. Upepeo uliokunjwa unakuwa vijiti, na akizivuta tambi kwa mdomo, ile sauti tu inakutia njaa.

Alikuja na Toki Soba, hadithi ya muuza tambi na saa. Mimi niliisikia mara ya kwanza Osaka enzi za chuo, kwenye ukumbi wa Tenma Tenjin Hanjotei, na kule wanaiita Toki Udon kwa sababu watu wa Osaka ni watu wa udon, zile tambi nene. Mteja mjanja anakula kwa muuza tambi wa usiku, anasifia taa, anasifia vijiti, anasifia bakuli na mchuzi. Bei ni mon 16, senti za Japani ya zamani. Anasema ana senti ndogondogo, kinga mkono nikuhesabie. Moja, mbili, tatu, anafika nane. "Hivi sasa saa ngapi?" "Tisa." "Kumi, kumi na moja..." mpaka 16, anaondoka na mon moja ya watu. Pembeni kasimama mjinga, kaona yote, kafurahi. Kesho yake hawezi kusubiri, anatoka mapema. Tambi za huyu wa pili zimelainika kama uji, bakuli limemeguka ukingo, lakini yeye anawaza senti yake tu. Sita, saba, nane, "Saa ngapi?" "Nne." "Tano, sita, saba..."

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwenye slaidi ya mwisho nilikuwa nimeweka swali, jibu, na ile "tano, sita" vyote pamoja. Alipovuta pumzi kabla ya kuuliza saa, nikabonyeza. Watu wakasoma, wakacheka, na yeye bado mkono uko hewani na senti ya nane katikati ya vidole. Senti yenyewe haikuwepo, lakini wote tulikuwa tunaiona. Akangoja wamalize. Halafu akauliza saa, akajijibu, akahesabu tano, sita, saba, kwa watu waliokwisha cheka.

Baada ya onyesho nilisimama koridoni nikizungusha waya wa kompyuta. Akapita, akasimama, akainama kidogo, akasema, "Wajerumani wanasoma haraka, au siyo?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akaenda zake.

Hiyo sentensi nimeipindua siku nne. Kwa Kijapani inaishia na "ne", silabi moja inayokuomba ukubaliane na msemaji, kama "au siyo?" yetu. Inaweza kuwa faraja: usijali binti, wamesoma haraka, kosa si lako. Inaweza kuwa habari tu. Lakini mimi nimelelewa Tanga. Mama mkwe akikwambia "Leo mmepika mapema," haongelei saa. Na huyu ni mzee ambaye kazi yake yote imekaa kwenye pumzi moja kati ya neno na neno, na pumzi hiyo mimi nilimnyang'anya mbele ya ukumbi uliojaa. Nilipaswa kuinama mpaka chini na kuomba radhi. Nikasema ndiyo. Yaani nikakubaliana naye kwamba Wajerumani ndio walioharibu!

 

Huwa namfikiria marehemu Katsura Shijaku, ambaye miaka ya 1980 alianza kusimulia rakugo kwa Kiingereza ili aende nayo nje. Alisema mwenyewe kwa mdomo wake. Hakukuwa na mtu wa katikati mwenye kidole.

Basi Jumamosi nikampigia Mama, yuko Ngamiani kule Tanga. Alikuwa anachagua mchele, nasikia ungo unavyochezwa. Sikumwambia habari ya kosa, nikamsimulia hadithi tu, na kwa mara ya kwanza nikaisimulia kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipofika kwenye "Nne", ungo ukanyamaza.

"Subiri," akasema. "Kesha toa nane. Anaanza tena tano mpaka kumi na sita... Kalipa ishirini huyo! Kaibiwa na nafsi yake!"

Akacheka yule Mama, akacheka mpaka akakohoa. Na mimi nilikuwa sijafika mwisho.

Hapa Ujerumani watu huniuliza baada ya onyesho: inakuwaje ikiwa tisa leo, halafu kesho akitoka mapema kidogo tu ni nne? Lazima uwaeleze kwamba Japani ya zamani ilihesabu saa kwa kushuka, tisa ni usiku wa manane, kisha nane, saba, sita ni alfajiri, tano, nne, halafu tisa tena adhuhuri. Na kwamba ilikuwa hivyo mpaka 1873 walipochukua saa za Ulaya. Mama hakuuliza. Nilipomwambia usiku wa manane wao waliuita tisa, akanijibu, "Si kila watu na saa zao? Sita yetu huko kwenu mnaita kumi na mbili." Akaendelea na mchele.

Nilifurahi mno. Nikakaa usiku ule nikaivunja slaidi ya mwisho vipande. Jumapili, onyesho la pili, skrini ilikuwa tupu mpaka alipotamka. Ikatokea 8, peke yake. Swali. Tupu. Kisha 4. Niliondoa kabisa mkono mezani nikamtazama mdomo, na "tano" ilipotoka ndipo nikabonyeza, ikaja 5 moja kubwa katikati. Pakapita kimya kifupi sana, halafu ukumbi ukalipuka, na yeye akaendelea kuhesabu ndani ya kicheko kile, sita, saba, polepole, uso wa mjinga unazidi kufifia.

Koridoni aliniambia "otsukaresama deshita", pole na kazi, kama alivyomwambia fundi wa taa na dada wa tiketi. Nikainama vizuri mara hii. Ya Ijumaa hakuigusa, na kesho yake asubuhi akapanda treni.

Ninachosikia sasa ni kile kikohozi. Mama alisema ni vumbi la mchele. Lakini hakikuwa cha vumbi, kilitoka chini, kikavuta, na nikikumbuka vizuri hata wiki iliyopita alikohoa hivyo hivyo akasingizia moshi. Jana na leo simu yake inaita tu. Kaka naye kasema atapita kumwona, hajarudisha jibu. Hapa ni saa sita usiku, kule saa saba. Nitangoja adhana ya alfajiri ya huko ndiyo nipige tena.