Nilivyoanza kuikamata kriptokokasi kwenye damu kabla haijapanda kichwani

Nafanya kazi maabara, hospitali moja ya wilaya mkoani Mtwara, na kwa miaka mingi kriptokokasi, kuvu ya jamii ya chachu inayovamia ubongo wa watu ambao VVU imedhoofisha kinga yao, nilikuwa naitafuta kwa wino. Maji ya uti wa mgongo unayazungusha kwenye mashine, mashapo unayachanganya na wino mweusi, unaweka chini ya hadubini. Chachu ikiwepo inang'aa katikati ya giza, imezungukwa na duara jeupe: ndilo koti lake, wino haulipenyi. Inapendeza kuitazama, Mungu anisamehe. Lakini ukiiona kirahisi hivyo, ujue zimeshajaa na mgonjwa yuko hoi. Zikiwa chache unakodoa macho mpaka yanauma, na chembe nyeupe ya damu nayo inajifanya chachu.

Halafu kuna huo mgongo wenyewe. Watu wanaamini sindano ile inapoozesha, na kwetu Wamakonde mjomba akishasema hapana, daktari abebe vifaa vyake aondoke.

Vitepe vya kupima kriptokokasi vilipotufikia nilimfuata daktari wa CTC, kliniki ya wenye VVU, tukakubaliana: kila mwenye CD4, yaani hesabu ya seli za kinga, chini ya 200, damu iliyobaki kwenye chupa tuipime palepale, hata kama kichwa hakimuumi. Shirika la Afya Duniani linasisitiza walio chini ya 100, ila kuanzia 200 kushuka linaruhusu, nasi tukaona tusibane. Lile koti la chachu ni la sukari, na vipande vyake humwagika kwenye damu wiki kadhaa kabla ya dalili za kichwa. Vipande hivyo ndivyo kitepe kinavyovikamata, kwa kingamwili za monoklona, yaani kingamwili zinazotoka kwenye ukoo mmoja wa seli, zote zikishika alama ileile. Njia ya kuzitengeneza waliitoa Köhler na Milstein huko Cambridge mwaka 1975. Faida yake kwangu ni kwamba boksi la leo na la mwakani yanasoma sawa.

Kazi yenyewe haina makuu. Tone moja la kimiminika chake, maikrolita 40 za sampuli, unachovya kitepe, unasubiri dakika 10. Kinachotaka uzoefu ni kusoma. Mstari wa kipimo ukitokea, hata uwe hafifu kama umefutwa kwa kidole, ni chanya maadamu mstari wa kontroo, ule unaothibitisha kwamba kitepe kimefanya kazi, upo. Mimi nakisogeza dirishani, taa yetu ya dari siiamini. Na mgonjwa mwenye dalili zote akitoka hasi, sikubali haraka: vipande vya sukari vikizidi mno, kingamwili huzidiwa na mstari hupotea. Nazimua sampuli, napima tena. Kuna mmoja alitoka hasi kabisa, nilipozimua mstari ukaja umekolea kabisa.

Chanya ya damu haimalizi maneno, maana lazima ijulikane kama chachu imefika kwenye ubongo, na hapo unarudi kwenye mgongo. Kijana mmoja alikuja na mjomba wake kutoka Newala, msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa majani na maua, nguo zinanuka salfa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, daktari. Ila mpwa wangu hatobolewi mgongo."

Mimi si daktari, lakini ukivaa koti jeupe huku kwetu hilo halina mjadala. Kijana mwenyewe aliniruhusu, nikamwonyesha mzee kitepe chenye mistari miwili.

"Hii ni kuvu, mjomba. Iko kwenye damu. Tunataka kujua kama imeingia kichwani."

"Kuvu kama ubwiriunga?"

"Ni ndugu yake."

Akanyamaza. "Ubwiriunga ukishashika maua umechelewa," akasema, kisha akataka kujua sindano inaingia wapi. Nilimwambia ashike mfupa wake wa nyonga, apeleke kidole katikati ya mgongo usawa uleule. Pale uti wenyewe umeshaishia juu, yamebaki maji na nyuzi. Alijipapasa mara mbili tatu, akamgeukia mpwa wake: "Lala ubavu."

Maji yalitoka safi. Akaanzishiwa flukonazo, dawa ya kuvu, miligramu 800 kwa siku kwa wiki mbili, kisha 400 kwa wiki nane, ndipo akashushwa hadi 200. Maji yangekuwa na kriptokokasi angelazwa kwa amfoterisini, dawa ya kuvu ya kudungwa mshipani, na ARV zingecheleweshwa wiki nne hadi sita.

Kinachotusumbua bado ni wanaorudishwa kupimwa "tuone kama amepona". Vile vipande vya sukari hukaa kwenye damu miezi mingi hata chachu ikishakufa, kitepe kinaendelea kusema chanya, mgonjwa anahamaki na dozi inapandishwa bure. Siku hizi kila fomu ya chanya naiandikia kwa kalamu nyekundu: kipimo hiki kisirudiwe kuangalia maendeleo ya tiba.